Mbegu ya Erodium: inajichimbia kweli, au inadumbukia tu kwenye ufa?

#1 Ufa_wa_Udongo
Wadau wa mimea, salaam.

Kila ukigusa habari za Erodium, ule mmea mdogo wa familia ya geranium wenye tunda kama mdomo wa ndege, unakutana na sentensi ileile: mbegu yake hujichimbia ardhini kama keekee. Nadai sentensi hiyo imetiwa chumvi. Kwamba mkia wa mbegu unazunguka, sina ubishi, kila mtu anauona kwa macho. Ninachobisha ni kwamba mzunguko huo ndio unaoizika mbegu.

Chukua trei, jaza udongo uliochekechwa, usawazishe kwa ubao na uukandamize. Weka mbegu juu, nyunyiza maji, acha zikauke, rudia mara tano. Utaona zinazungukazunguka, zinahama sentimita moja au mbili, nyingi zinalala ubavu. Zinazozama ni zile zilizokutana na ufa au zilizojibana kwenye kijiwe. Basi kinachozika ni ufa, na mkia kazi yake ni kuifikisha mbegu kwenye ufa.

Mwenye hoja tofauti alete, ila aje na jaribio.

#2 LenziKumi
Mkuu, kabla ya ubishi tukubaliane sehemu za mbegu, maana nusu ya mabishano ya namna hii hutokana na watu kutaja vitu tofauti kwa jina moja.

Ua la Erodium lina petali 5. Zikidondoka, na kwa Erodium cicutarium hudondoka ndani ya siku moja tu, katikati panarefuka kitu kama mdomo wa ndege. Mdomo huo ni kapeli 5 (sehemu za kike za ua zinazobeba mbegu) zilizoshikamana kuzunguka nguzo. Tunda likikauka linagawanyika vipande 5, kila kimoja na mbegu 1 ndani na mkia wake juu. Kwa hiyo tunachokiita "mbegu" hapa ni kipande cha tunda. Mimi nitakiita punje.

Sasa weka punje chini ya lenzi inayokuza mara 10. Chini kuna ncha kali, ngumu, yenye ubapa kidogo kama tezo. Ganda lote lina vinyweleo vigumu na vyote vinatazama juu, kuelekea kwenye mkia. Pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu, unateleza. Rudisha kutoka juu kwenda chini, unakwama. Sehemu ya chini ya mkia ndiyo inayojisokota kama kizibuo cha chupa. Sehemu ya juu haijisokoti kabisa, inakunjika tu na kuchomoza pembeni karibu pembe mraba, kama mpini.

Huo mpini ndio watu wanausahau. Ukate kwa mkasi halafu uone: punje inageuka skrubu isiyo na bisibisi.

#3 Keekee_ya_Seremala
#2 umenimalizia kazi. Sasa namjibu #1.

Jaribio lako lina kasoro moja kubwa. Umesawazisha udongo kwa ubao, kwa hiyo umeuondolea mpini kila kitu cha kuegemea. Mkia ukizunguka bila mpini kushikwa mahali, kinachozunguka ni mkia wenyewe hewani na punje inabaki pale pale. Mpini ukigota kwenye bua la jani kavu, kijiwe au donge, mzunguko wote unahamia kwenye punje. Nguvu haijaongezeka, imebadilishiwa tu mahali pa kwenda.

Tena usifikiri inachimba wakati wa kukauka tu. Ikilowa, msokoto unafunguka, mkia unarefuka na kuisukuma punje chini. Ikikauka, msokoto unarudi na mkia unafupika, ulitakiwa kuivuta punje itoke, lakini vinyweleo alivyotaja #2 vinakataa kurudi nyuma. Kila mzunguko wa kulowa na kukauka unaongeza kidogo. Umande wa usiku na jua la mchana vinatosha, mvua si lazima.

Rudia trei yako, safari hii tandaza mabua makavu yaliyokatwa vipande vya sentimita 3 hivi juu ya udongo, yasifunike zaidi ya theluthi moja. Usiukandamize udongo. Utaleta majibu mengine.

#4 Ufa_wa_Udongo
Mabua yanashika mpini, sawa. Lakini mabua hayohayo yanazuia udongo chini yake usikauke haraka na kuulainisha. Utajuaje ni kipi kimefanya kazi?

#5 Nyuzi_za_Selulosi
Wakuu, wakati mnasubiri trei, suala la kwa nini mkia unazunguka nalo lina pande mbili.

Maelezo ya zamani yanafuata mfano wa koni ya msonobari: tabaka mbili zimegandana, moja husinyaa zaidi ya nyingine ikikauka, basi kitu kinapinda. Ni kweli kwa koni. Lakini tabaka mbili za namna hiyo zinatoa mpindo, hazitoi msokoto. Kwa Erodium, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba siri iko kwenye seli za tabaka la ndani la mkia. Nyuzi ndogo za selulosi kwenye ukuta wa seli hizo zimezunguka kwa mshazari, na mzunguko wenyewe umeegemea upande. Maji yakitoka, seli inajisokota. Hata ukiitenga seli moja peke yake, bado inajisokota. Mkia mzima unafanya kile ambacho kila seli inafanya.

#6 Msasa120
Hapa nina swali fupi kwa #5: ina maana hakuna uhai unaohitajika? Punje iliyokaa miaka kabatini nayo itazunguka?

#7 LenziKumi
Itazunguka. Mkia ukikomaa ni tishu mfu kama ubao wa mlango unaovimba wakati wa mvua. Vielelezo vya zamani vilivyobanwa kwenye karatasi navyo hucheza ukividondoshea maji. Ndiyo maana mikia ya Erodium gruinum, ambayo mdomo wake hufikia sentimita 10 hivi, ilikuwa ikitumika kutengenezea vipimaunyevu.

#8 Pembe_na_Kipimo
Kipimaunyevu hicho unakitengeneza mezani kwa dakika 20. Nitaeleza taratibu kwa sababu nimeona watu wengi wanakosea palepale.

Chuma mdomo ukiwa umegeuka kahawia lakini haujapasuka. Ukichuma wa kijani, nyuzi hazijakomaa na mkia utapinda ovyo. Ukisubiri upasuke wenyewe, punje zimeshaondoka: mdomo unapokauka mikia inataka kujisokota ikiwa bado imeshikwa kwenye nguzo, mkazo unakusanyika, gundi ikiachia punje inafyatuka hadi kama nusu mita. Kwa hiyo funika mdomo kwa mfuko wa karatasi kabla haujakauka kabisa.

Simamisha punje wima, ganda likiwa ndani ya donge dogo la udongo wa kufinyanga au nta, mkia ukiwa juu. Hakikisha umeshika ganda tu. Donge likipanda hata milimita 2 kwenye sehemu inayosokoteka, umeua kipimo. Zungushia kadibodi yenye duara la digrii 360 usawa wa mpini. Mpini ndio mshale wako.

Sasa kupima alama. Weka kifaa ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, pamoja na kikombe cha chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi iwe rojo, chumvi isiyoyeyuka ionekane. Hewa ndani ya chupa itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi. Subiri saa 3 au zaidi, weka alama. Badilisha chumvi uweke kloridi ya magnesi kwa utaratibu uleule, itatulia karibu asilimia 33. Weka alama ya pili. Usigawanye nafasi katikati sawasawa na kudhani umepata kila asilimia, mzunguko hauendi kwa mstari ulionyooka. Na zingatia: ukija kutoka unyevu mkubwa, mshale unasimama mahali tofauti kidogo na ukija kutoka ukavu. Chagua upande mmoja uwe unapimia.

#9 Dirisha_la_Mashariki
Nina geranium kwenye dirisha, maua mekundu. Mbegu zake zitafaa kwa kipimo cha #8?

#10 LenziKumi
Hiyo ya dirishani, asilimia kubwa ni Pelargonium, si Geranium na si Erodium. Jina la kawaida liliganda kutoka zamani. Usibishane na jina, hesabu stameni (sehemu za kiume za ua):

Geranium kwa kawaida ina stameni 10, zote na chavua. Erodium ina 5 zenye chavua na 5 tasa zilizobaki kama vigamba. Pelargonium ina 10 ila zenye chavua ni kati ya 2 na 7, na ukikata kikonyo cha ua kwa wembe chini kidogo ya sepali (vijani vya kijani kwenye kitako cha ua) utakuta mfereji wa nekta umeungana nacho. Monsonia, ambayo nayo ni ya familia hii, ina 15.

Punje ya Pelargonium nayo ina mkia unaosokoteka, lakini una manyoya marefu laini ya kubebwa na upepo. Ukiipata, ijaribu. Ila chotara wengi wa dirishani hawatoi mbegu kabisa.

#11 Manati
Nyongeza kwa #10. Geranium nyingi zina njia nyingine kabisa: mkia haubaki na mbegu. Unajikunja juu kwa ghafla kama manati, mbegu inarushwa, mkia unabaki ukining'inia kwenye nguzo. Kwa hiyo Geranium inarusha bila kuchimba, Pelargonium inategemea upepo, Erodium inafyatua kisha inachimba. Familia moja, mdomo uleule, kazi tatu.

#12 Jina_na_Mwaka
Linnaeus, yule mtaalamu wa majina ya mimea, ndiye aliyeipa jina Erodium mwaka 1753, na neno hilo maana yake ni korongo.

#13 Rafu_ya_Juu
#12, hapo mambo mawili yamechanganyika.

Linnaeus mwaka 1753 aliuita mmea huu Geranium cicutarium. Kwake yote yalikuwa Geranium. Aliyetenganisha ni Mfaransa Charles Louis L'Héritier de Brutelle, na jina Erodium lilitoka mwaka 1789 katika kitabu Hortus Kewensis cha William Aiton, London. L'Héritier huyo aliuawa Paris mwaka 1800.

Na ndege: majina yote matatu ni ya Kigiriki. Geranos ni yule ndege wa jamii ya korongo taji, pelargos ni korongo mwenyewe, erodios ni koikoi. Kwa hiyo Erodium ni koikoi. Waingereza walivuruga mpangilio kwa kuiita Erodium "mdomo wa korongo". Waliofuata Kihispania huko Marekani wanaiita filaree, kutoka alfilerillo, yaani pini ndogo.

#14 Kongoti
Basi tuipe jina letu: mdomo-koikoi.

#15 Manati
Wengi hawamjui koikoi, wanajua korongo tu, na kila ndege mwenye miguu mirefu kwao ni korongo. Mdomo-korongo litashika haraka.

#16 Kongoti
Kushika haraka si hoja, Pelargonium nayo ilishika haraka jina la Geranium, tukaishia kwenye swali la #9. Nabaki na koikoi.

#17 Kwato_Nne
Turudi kwenye udongo. Nyote mmesahau kwato.

Erodium cicutarium ikiwa changa ni malisho mazuri. Kondoo na ng'ombe wanaifuata. Mahali wanapolisha, mbegu zilizodondoka zinakanyagwa. Kwato ya kondoo inazika punje sentimita 1 hadi 2 kwa hatua moja, kazi ambayo mkia ungeifanya kwa siku kadhaa za umande. Kabla ya kuupa mkia sifa zote, zungushia uzio kipande cha ardhi na ulinganishe.

Tahadhari kwa mwenye mifugo: mmea ukishakauka na kupasua midomo, mwondoe mnyama. Punje inaingia kwenye sufu, vinyweleo vinakataa kurudi, na jasho na ukavu vinafanya ndani ya sufu kazi ileile inayofanywa na umande ardhini. Inafika kwenye ngozi. Kwenye jicho ni mbaya zaidi. Kagua pembe za macho, fizi, na katikati ya kwato. Ukiikuta jichoni usiivute kwa mkia, mkia unakatika na ganda linabaki. Mpigie daktari wa mifugo.

#18 Chungu_Mvunaji
Na chungu je? Kwenye majangwa ya Marekani chungu wavunaji wanabeba punje za Erodium kwa wingi hadi kwenye shimo. Nyingine zinaliwa, nyingine zinatupwa na makapi mlangoni mwa kichuguu, kwenye udongo uliokwisha kulegezwa. Hapo mkia haujachimba wala ufa haujameza.

#19 Keekee_ya_Seremala
#17 na #18 mnaeleza jinsi punje *inavyoweza* kuzikwa. Hampingi kwamba mkia unachimba. Punje inayoota katikati ya eneo lisilo na mnyama wala kichuguu nani kaizika?

#20 Ufa_wa_Udongo
Ufa, ndugu yangu.

Na sasa nina ushahidi usiotoka kwangu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliotengeneza vibeba-mbegu vya vipande vyembamba vya mwaloni mweupe kwa kuiga mkia wa Erodium. Waliona mkia mmoja haufanyi vizuri kwenye ardhi tambarare kwa sababu hauisimamishi ncha kwa pembe nzuri. Wakaweka mikia 3. Hapo asilimia 80 vikajichimbia kwenye ardhi tambarare baada ya kulowa na kukauka mara 2. Angekuwa mkia mmoja anatosha, wasingehangaika na mitatu.

#21 Keekee_ya_Seremala
Soma tena ulichoandika. Tambarare. Wao walitaka kitu cha kumwagwa kutoka angani mahali popote, kwa hiyo ilibidi kifanye kazi hata pasipo na egemeo. Erodium haina haja hiyo, inaangukia chini ya mama yake, palipo na mabua, mizizi na majani makavu ya mwaka jana. Ushahidi wako unanisaidia mimi: kanuni ni ileile ya kusokoteka kwa unyevu, na inachimba.

#22 Ufa_wa_Udongo
Inachimba ikisaidiwa. Ndicho nilichosema tangu #1.

#23 Vishimo_Viwili
Hapana aliyeuliza spishi! Jenasi hii ina spishi 70 na zaidi, na punje zake hazilingani. E. botrys ina mdomo wa sentimita 5 hadi 12, punje nzito, mkia mnene. E. cicutarium mdomo wake hauzidi sentimita 4 kwa kawaida. Ukilinganisha trei ya moja na trei ya nyingine umelinganisha parafujo na pini.

Namna ya kuzitenga: anza na jani. E. cicutarium, jani limegawanyika mara mbili hadi linafanana na la karoti. E. moschatum, vijani vipana vyenye meno tu, visivyokatwa hadi kwenye mshipa mkuu, na ukilisugua unapata harufu ya miski. E. botrys, jani moja lenye mikato mirefu. E. malacoides, jani zima lenye umbo la moyo.

Ukiwa na shaka kati ya cicutarium na moschatum, chana ua na utazame chini ya stameni zenye chavua: za moschatum zina jino kila upande kwenye kitako, za cicutarium hazina. Kama maua yamekwisha, geuza punje utazame juu kabisa, pale mkia unapoanzia. Kuna vishimo viwili, kimoja kila upande. Mfuo ulio chini ya kishimo, upo au haupo, na ni mingapi, pamoja na vitezi vidogo ndani ya kishimo, ndivyo vinavyoamua. Hapo lenzi ya mara 10 ni ya lazima, na punje iwe kavu, maji yanaziba mfuo.

#24 Ufa_wa_Udongo
Shukrani #23. Zangu ni cicutarium, vijani kama karoti, hakuna harufu.

#25 Jani_la_Karoti
Kwa kuwa karoti imetajwa, neno moja kwa wanaochuma majani machanga ya Erodium kwa kula: cicutarium maana yake ni "kama Cicuta", na Cicuta ni sumu. Conium nayo ni sumu na jani lake changa linafanana. Shina la Conium halina vinyweleo hata kimoja na lina madoa ya zambarau, likisuguliwa linanuka kama panya. Shina la Erodium lina vinyweleo. Lakini usile kwa kuangalia jani peke yake. Subiri mdomo wa kwanza utokee kwenye kundi hilohilo la mimea. Conium haitoi mdomo, inatoa miavuli ya maua meupe madogomadogo.

#26 Tabaka_za_Matope
Nawapa fumbo lingine linalohusiana na kusafiri. Erodium cicutarium asili yake ni nchi za Mediterania, sehemu nyingine za Ulaya, Asia na kaskazini ya Afrika. California iliingia na Wahispania. Makazi yao ya kwanza ya kimisheni kule, San Diego, yalianza 1769, na mabaki ya Erodium yamo ndani ya matofali ya udongo ya majengo ya misheni. Hadi hapo sawa.

Lakini utafiti wa mwaka 1998 ulichunguza chavua kwenye matope ya chini ya bahari karibu na Santa Barbara, ambayo yana tabaka za kila mwaka kama pete za mti. Chavua ya Erodium ilionekana miaka kadhaa *kabla* ya 1769. Nani aliifikisha?

#27 Kwato_Nne
Sufu na manyoya. Misheni za Baja California, rasi iliyo kusini yake, zilikuwa na mifugo tangu awali. Punje inashika kwenye manyoya ya mnyama, mnyama anavuka, mwingine anaokota kwa kusuguana.

#28 Rafu_ya_Juu
Au wenyeji wenyewe, waliokuwa na njia za biashara kutoka kusini hadi kaskazini muda mrefu kabla ya misheni. Ngozi na vikapu vinabeba punje kama sufu. Au meli zilizotia nanga pwani miaka iliyotangulia. Kilicho wazi ni kasi yake: mpelelezi Mmarekani John C. Frémont alipopita mabonde ya California mwaka 1844 alikuta mmea huu umetandaa ardhini mahali pa nyasi.

#29 Kongoti
Kwa hiyo mkia unachimba, unapanda kondoo, unavuka mipaka. Kweli koikoi huyu ana safari.

#30 Msasa120
Nimefuata #8 nikapata punje, sasa nataka kuotesha. Nimeweka kwenye pamba yenye maji, wiki mbili kimya.

#31 Keekee_ya_Seremala
Ni ngumu. Erodium nyingi zina ganda la mbegu lisilopitisha maji. Kiinitete kimekamilika ndani, kimefungiwa nje tu. Porini joto la kiangazi, mchana moto na usiku baridi, ndilo linalofungua mlango mdogo wa maji polepole. Ndiyo maana hazioti zote mwaka mmoja.

Fanya hivi. Toa mbegu kwenye ganda la punje kwa kibano, utapata kitu cha kahawia laini chenye urefu wa milimita 2 hadi 3. Ishike kwenye kizibo cha mpira, sugua ubavuni mwake kwenye msasa wa namba 120, mara 5 au 6, ukome unapoona doa jeupe. Usisugue nchani, unaweza kukata kimzizi. Ziloweke usiku kucha. Zilizovimba mara mbili ndizo zilizofunguka, panda. Zilizobaki ndogo zirudishe kwenye msasa, usizitupe.

Panda kina cha nusu sentimita hadi 1, joto la nyuzi 10 hadi 20. Juu ya hapo nyingi zinakataa hata zikiwa zimesuguliwa. Chungu kiwe kirefu, sentimita 15 au zaidi, mzizi mkuu unashuka haraka na hauvumilii kuhamishwa ukishajikunja chini ya chungu.

#32 Mwamba_na_Kokoto
Kwa za kudumu, kama E. reichardii wa visiwa vya Balearic au E. manescavii wa Pirenei, ongeza mchanga mnene na kokoto nusu kwa nusu. Zinakufa kwa maji shingoni (pale shina linapokutana na mzizi) kuliko kwa baridi. E. chrysanthum wa Ugiriki ana mimea dume na mimea jike, ukiwa na mmoja usisubiri mbegu. Chotara E. × variabile huwezi kumpata sawa kwa mbegu, kata kipandikizi chenye kipande cha shina gumu chini.

#33 Jembe_Fupi
Wengine hapa tunataka kuiondoa, si kuiotesha. Ikilala chini kwa duara mashine ya kukata nyasi inapita juu yake. Ukikata majani inachipua kutoka shingoni. Kata mzizi sentimita 2 hadi 3 *chini* ya shingo, kabla ya mdomo wa kwanza kuonekana. Ukishaona mdomo, hata wa kijani, usiuache mmea uliong'olewa juu ya ardhi, tunda linaweza kuendelea kukomaa na kukauka hapohapo. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, mara nyingi inaiacha hai ikishakuwa shada pana. Kama ni lazima, iwe bado ina majani machache. Na uende tena mwaka wa pili na wa tatu, kwa sababu ya hizo ngumu za #31.

#34 Ufa_wa_Udongo
Nimepanga jaribio jipya, mnikosoe kabla sijaanza. Trei 4, udongo uleule, punje 25 za cicutarium kila moja. Ya kwanza tambarare. Ya pili tambarare na mabua. Ya tatu yenye nyufa, hakuna mabua. Ya nne tambarare na mabua, lakini mpini umekatwa kwa mkasi kwenye kila punje. Kunyunyizia jioni, kukausha mchana, siku 10. Ya nne ndiyo ya kumjibu #3: kama mabua yanalainisha udongo tu, punje zisizo na mpini nazo zitazama.

#35 Keekee_ya_Seremala
Nzuri. Ongeza ya tano: nyufa na mpini umekatwa. Bila hiyo hutajua kama ufa unameza punje peke yake au mkia ndio unaoishusha ndani ya ufa.

#36 LenziKumi
Na usihesabu "zimezama" kwa jicho. Pima kutoka usawa wa udongo hadi mahali mkia unapoanzia, kwa milimita. Punje iliyosimama wima na ncha ndani milimita 2 si sawa na iliyozikwa yote. Udongo uwe na kina cha sentimita 4 angalau, trei ya kina kifupi inakauka kutoka chini pia.

#37 Chungu_Mvunaji
Trei ziwekwe juu ya miguu iliyozungushiwa maji. Chungu wakizigundua, hutakuwa na cha kuhesabu.